Mwaka wa Kidole cha Nabintu

Kidole kimekauka. Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana, nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza mambo haya kwa lugha yangu, nilichotaka kujua kabla ya yote ni kama yanaweza kuisha vizuri. Yanaweza. Kama umekaa mahali unasubiri muuguzi aite jina la mtoto wako, soma haraka, ruka unapotaka. Mimi wakati ule sikuweza kusoma mistari mitatu bila kusimama na kwenda kuangalia mlango.

Naitwa Solange. Baba alifia Bukavu, mama alifia hapa Brussels, na tangu hapo nyumba yetu ya Laeken ina watu watatu: mimi mkubwa, Espoir anayesoma ufundi wa umeme, na kitinda mimba wetu, Nabintu. Niliacha shule mama alipoanza kuugua. Nafanya usafi katika nyumba za watu kule Etterbeek. Nasema haya ili ujue kwamba anayeandika si daktari. Mambo ya dawa waulize wenyewe.

Nabintu alinyonya kidole gumba cha mkono wa kulia tangu akiwa na miaka mitatu hivi. Kunyonya kidole si ugonjwa, hilo niliambiwa na kila daktari. Watoto wengi hunyonya, na wengi huacha wenyewe. Ugonjwa wetu ulianza pale kidole kilipochoka.

Ilikuwa Septemba, shule zimefunguliwa, yeye akiingia mwaka wa mwisho wa chekechea. Ngozi ya kidole ilikuwa nyeupe na imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Juu ya kiungo palikuwa na sugu, pale meno yalipokaa. Nyama ya pembeni mwa ukucha ikavimba, ikawa nyekundu, halafu zambarau. Nilipoibonyeza kidogo, Nabintu hakulia. Aliniangalia tu, akakirudisha mdomoni. Hicho ndicho kilichonitisha, kwamba kinamuuma na bado anakirudisha.

Daktari wetu wa mtaani alimpa dawa ya maji ya kunywa na dawa nyingine ya kuloweka kidole katika maji ya uvuguvugu. Kisha akasema asikitie mdomoni. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia usilowe, na hapa mvua haijakoma tangu asubuhi.

Kila mtu alikuwa na lake. Dada mdogo wa mama, ambaye sisi tunamwita Mama Mudogo, anakaa Jette, na kila Jumapili baada ya kanisa tunakula kwake. Yeye ndiye aliyetushika mkono baada ya mama, na bila yeye sijui tungekuwa wapi. Alikiangalia kidole, akatikisa kichwa.

"Weka pilipili. Miye batoto bangu bane, hakuna mwenye alinyonyaka kidole."

"Mama Mudogo, batoto bako balikuwa bananyonya sukari yako mu kabati," Espoir akasema.

"Wewe nyamaza, kichwa ya mayai!"

Pilipili sikuweka, kidole kilikuwa na kidonda. Nilijaribu ile rangi ya kucha yenye uchungu inayouzwa kwa mfamasia, nikampaka kwenye vidole vingine, ili asivihamie. Siku ya kwanza alitema. Siku chache baadaye nikamkuta anavilamba kimoja kimoja.

"Yaya, inakuwa sasa kama café," akaniambia; kwetu yaya ni dada mkubwa, na café ni kahawa.

Nilishona mikono ya pajama ikafungwa mbele. Alikitafuna kitambaa mpaka kikatoboka. Tulimfunga bendeji, ikalowa. Tukaifunga tena. Maisha yetu ya vuli ile yote ni hayo: kufunga, kulowa, kufungua, ile harufu ya kidole kilichovundikwa, kufunga tena. Niliposugua bafu la watu huko Etterbeek, simu ilikuwa juu ya sinki, skrini ikiangalia juu, na kila ilipowaka nilidhani ni shule.

Meno ya mbele nayo yalikuwa yameanza kutoka nje. Akifunga taya, bado kulikuwa na nafasi unayoweza kupitisha penseli, na herufi ya S ilitokea hapo kama upepo. Daktari wa meno alinituliza: hayo ni meno ya utoto, akiacha mapema kuna matumaini yatarudi yenyewe. Kila mtu alisema akiacha. Hakuna aliyesema ataachaje.

Mwezi wa kumi na mbili mwalimu wake alifanya jambo wanalolifanya hapa, la nia njema kabisa. Watoto wadogo wenye chuchu za plastiki, tétine, huziweka katika kikapu, na Saint Nicolas, yule mtakatifu anayewaachia watoto zawadi kwenye viatu usiku wa sikukuu yake, anazichukua, anawaachia peremende. Nabintu alirudi nyumbani siku hiyo mikono yote miwili imefichwa ndani ya koti, akakataa kuvua.

"Yaya, Saint Nicolas anachukulaka tétine. Miye siko na tétine. Atachukula nini?"

"Atachukula kelele yako," Espoir alimtania.

Hakucheka. Alikuwa ameshaelewa mwenyewe kitakachochukuliwa. Alilala na koti. Asubuhi ya sikukuu, wenzake wakikimbilia viatu kuona zawadi, yeye alijihesabu vidole kwanza.

Baada ya Mwaka Mpya kidole kikajaa usaha. Siku hiyo kilikuwa cha moto hata juu ya bendeji. Tulienda hospitali kubwa ya Jette, sehemu ya dharura ya watoto. Wametengeneza pazuri: samaki wamechorwa ukutani, kuna meza ndogo na vitabu. Nabintu alikaa kimya, kidole kinywani, juu ya usaha ule ule. Mimi sikuweza kukaa. Nilienda kwenye mashine ya maji, nikarudi, nikaenda kusoma tangazo la kunawa mikono, nikarudi. Mama mmoja wa Kimorocco aliyekuwa na mtoto mwenye homa aliniangalia nikipita mara nyingi, mwisho akavuta begi lake, akagonga kiti kilichokuwa pembeni yake. Nikakaa. Akanipa tende. Ningependa ajue kwamba ile tende naikumbuka kuliko dawa zote.

Walikipasua kidogo, usaha ukatoka, ukucha ukaanguka nusu siku chache baadaye. Nilidhani yamekwisha. Lakini hakikukauka. Kila baada ya siku kadhaa kilivimba tena pembeni, kikatoa maji, kwa sababu kilikuwa kinarudi kule kule. Daktari wa mikono ya watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinieleza akitazama macho yangu na si kompyuta. Nayaandika kwa Kiswahili, yeye alisema kwa Kifaransa.

"Kama hakitakauka mpaka baada ya likizo ya Pasaka, tutamlaza, tutampa dawa ya usingizi, tutatoa ukucha wote na kusafisha ndani. Sitaki kidudu kifike kwenye mfupa."

Akaweka tarehe.

Wengine watasoma hapo waone ni upasuaji mdogo. Ni kweli ni mdogo. Lakini mama yetu aliingia chumba cha upasuaji katika hospitali nyingine, na hakurudi tena kuwa mama tuliyemjua, na baada ya wiki chache tukamzika. Hakuna aliyekosea, ugonjwa wake ulikuwa umekwenda mbali. Mimi nilijua hivyo kichwani. Miguu yangu ndiyo haikujua. Toka siku ile ya tarehe, niliposimama kwenye kituo cha basi nilitembea huku na huku. Nikipika nilizunguka sufuria. Espoir alinifokea: "Yaya, kaa chini, unanizungushia kichwa!" Nami nikamfokea kwamba yeye hajali, akapiga mlango. Tuligombana juu ya mkasi, juu ya nani alisahau bendeji, juu ya taulo. Nabintu alitusikiliza akinyonya.

Siku ile ya tarehe, kabla hatujaondoka, daktari alikuwa ameniuliza swali ambalo nililiona la kipuuzi. "Anaponyonya, nini kimetokea muda mfupi kabla?" Nikasema usingizi, televisheni, njaa. Akasema, "Usinijibu leo. Tazama tu. Usimkataze, tazama."

Kutazama bila kukataza ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Nilimwomba Espoir anisaidie. Tukaanza kuona kwamba usingizi ni kweli, lakini mchana televisheni haina shida. Njaa haina shida. Akicheza peke yake mkono uko nje, unashika kila kitu. Tena nikagundua kitu kingine nilipokuwa nafungua bendeji: kidole kilikuwa kibaya zaidi siku za Jumatatu.

Jumapili iliyofuata, kwa Mama Mudogo, nilikaa upande wa pili wa meza nikamtazama kama mlinzi. Kulikuwa na bugali, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Kwa vile mkono wa kulia ulikuwa na bendeji, Nabintu alikata tonge kwa kushoto, na Mama Mudogo akageuza uso asione. Wakubwa walikuwa wanaongea habari za Bukavu, nani amekimbia, nani amebaki, nyumba ya nani imeingiliwa. Nabintu alifungua kinywa. Nilimwona kabisa, alikuwa na neno. Mama Mudogo akainua jicho moja. Ni jicho tu, wewe uliyelelewa kwetu unalijua, hata mimi nilikua chini ya jicho hilo. Kinywa kikafungwa. Kidole kikaingia.

Na Mama Mudogo akamgeukia jirani yake, akasema kwa mapenzi, "Muone huyu. Mutoto ya adabu. Hata siku ya kilio hakusumbua muntu."

Kijiko kilinibaki mkononi.

Nikamkumbuka siku ile ya msiba, nyumba yetu imejaa viti vya kuazima na akina mama waliojifunga vitenge, mtoto wa miaka mitatu anauliza kwa sauti mama yuko wapi, mtu anamwambia nyamaza, wakubwa wanaongea. Kidole kikaingia, na watu wote wakamsifu. Tangu hapo tumemsifu kila Jumapili. Katika vyumba vya kusubiri tumemsifu, mwalimu ameandikiwa kwamba ni mpole. Tulikuwa tukikifunga kidole kwa bendeji na kukipigia makofi.

Nyumbani nilimuuliza, nikimlowekea kidole, bila kumwangalia sana. "Nabintu, ukitosha kidole mu kinywa, kunakuwaka nini?"

Akafikiri. "Kinywa inaanza kusema."

"Na ikisema?"

"Batu bakubwa banaongeaka."

Sasa fikiria nilichotakiwa kufanya. Kwenda kwa mkubwa wetu, aliyetupikia, aliyetulipia maua ya kaburi, na kumwambia kwamba adabu anayoipenda kwa mtoto ndiyo inayotupeleka kwenye meza ya upasuaji. Nilizunguka nyumba yake ya Jette kwa miguu kabla ya kugonga kengele. Alikuwa jikoni.

"Mama Mudogo, niko na kitu ya kukuomba. Dimanche, tukikuja kula kwako, mutoto aongee."

"Aongee na nani?"

"Na siye. Kwa meza."

"Batu bakubwa bakiwa banaongea?"

"Hata bakiwa banaongea."

Akaweka mwiko chini. "Alors, Ulaya imekumaliza. Mutoto ya dada yangu, kitu mama yake alimuachia ni adabu tu. Njo hiyo unataka nimutoshe?"

"Nataka tumutoshe kidole mu kinywa."

"Nani alikuja kukupikia siku ya kilio, Solange? Leo unanifundisha mutoto?"

"Ni wewe ulikuja. Njo maana ninakuomba, siko nakufundisha. Miye ninaogopa ile chumba. Mama aliingia mule."

"Usinitajie dada yangu mbele ya sufuria!"

Nikaondoka. Sikupiga mlango, na sikuomba msamaha. Jumapili iliyofuata hatukwenda kwake, wala ile ya pili. Sijui kama unaelewa Jumapili ya Brussels bila jamaa, mvua ya Machi dirishani, maduka yamefungwa, watu watatu na mchele. Espoir alisema, "Yaya, rudi tu, omba pardon, iishe." Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno, na tarehe ilikuwa inakuja, lakini hapana.

Tulianza sisi wenyewe. Nabintu akifungua kinywa, tunaacha tunachosema. Kama hatuwezi, namwambia, "Ngoja, narudi kwako," na kweli narudi, hata kama ni baada ya simu ya kazini. Hapo usidanganye hata mara moja, mtoto atajua. Nikamwendea mwalimu, nikamweleza, akaanza kumpa nafasi ya kusimulia kila asubuhi. Mikono yake tuliipa kazi, kuchambua maharage, kushika kamba ya begi langu barabarani. Usiku tulimvika glavu ya pamba, si kwa adhabu, aliichagua rangi mwenyewe. Bendeji ikaanza kukaa kavu mpaka saa sita mchana, halafu mpaka jioni. Siku nyingine ikarudi kulowa na mimi nikalia bafuni.

Jumapili ya tatu kengele ililia. Alikuwa Mama Mudogo na sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Alinipita mlangoni.

"Nimeleta sombe. Si yako wewe, ni ya batoto."

Tukala. Nabintu alianza polepole, akinichungulia. Akasimulia konokono wa darasani aliyetoroka kwenye chupa. Akasimulia tena konokono yule yule. Mama Mudogo alikuwa anavumilia, nilimwona akishika ukingo wa meza. Halafu:

"Mama Mudogo, hizi nywele unazivuaka ukienda kulala?"

Espoir alipaliwa. Mimi nikasema moyoni, imekwisha.

"Ninazivuaka," Mama Mudogo akajibu. "Na wewe, hiyo kinywa unaivuaka saa ngapi?"

Nabintu alicheka mpaka akaonyesha lile pengo lote la meno. Na katika kicheko kile kile, bila kupumzika, akauliza:

"Maman alikufa siku gani? Miye nilikuwa wapi?"

Mtoto akaona tulivyonyamaza. Mkono wa kulia ukapanda, bendeji ikagusa mdomo.

Mama Mudogo akanyoosha mkono juu ya sahani, akamshika kifundo cha mkono. Hakuvuta. Alikishika kama mtu anavyoshika kikombe kilichojaa.

"Ngoja. Usifunge. Nitakuambia." Akasogeza sahani yake pembeni. "Ilikuwa asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulikuwa kwangu, unakula beignet. Kisha kwenu, siku ya kilio, ukaniuliza mama iko wapi, na miye nikakuambia nyamaza. Si juu ya adabu, mama. Nilikuwa najua nikikujibu nitalia, na nyumba ilikuwa imejaa batu."

"Ulilia?"

"Nilikatala."

"Sasa unalia."

"Ndiyo, sasa ninalia. Kula."

Akaendelea kuuliza, na yeye akaendelea kujibu, machozi yakimtiririka, akimega bugali. Vitu vingine hata mimi sikuvijua. Mkono wa mtoto ulikaa mezani mpaka chakula kikapoa.

Sitakudanganya kwamba kidole kilipona jioni ile. Alinyonya kesho yake. Lakini Jumatatu haikuwa tena siku mbaya, na Mama Mudogo, akiwa na wageni, sasa husema, "Pardon, mutoto iko na neno," kwa uso wa mtu anayekunywa kwinini, na anamsubiri amalize.

Likizo ya Pasaka iliisha. Miti ya barabara ya hospitali ilikuwa imetoa maua ya rangi ya waridi, na watu wanayapiga picha. Tulikuwa tumebeba na pajama, ikihitajika. Daktari alifungua bendeji, akabonyeza upande huu, akabonyeza upande ule, akaleta taa. Nilikuwa nimesimama. Chini, pale penye nyama, palikuwa na ukingo mwembamba wa ukucha mpya, kama kipande cha ganda la yai.

"Kimekauka," akasema. "Hatufanyi kitu. Nafuta tarehe."

Nikavuta kiti, nikakaa. Yeye akaanza kunieleza ya kufanya sasa, glavu ya usiku iendelee, tukutane kabla ya kiangazi, tukiona wekundu tusisubiri. Nilikuwa naitikia bila kusikia vizuri.

"Madame," Nabintu akasema katikati ya maneno ya daktari. "Nina swali."

Jicho langu lilianza kuinuka lenyewe. Nikalishusha.

Daktari aliweka kalamu. "Sema."

"Kile kitanda mlichoniwekea, atalala nani?"

"Mtoto mwingine."

"Anaitwa nani?"

"Hilo siwezi kukuambia."

Nabintu alifikiri. "Basi mpeni cha karibu na dirisha. Na mumweleze kila kitu, hata akiuliza sana."

"Nitamwambia muuguzi."

"Leo?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza ya daktari, kidole gumba kinagonga mbao, kinasubiri jibu.